Chombo kinapimwa siku rezo inakatika

Ndugu wasomi wa Masisi na Walikale, wale wako nyumbani na wale vita ilitupa Goma, Bukavu, Kampala na kwingine,

Kuna shauri moja linazunguka sana kati yetu, na leo nataka kulikosoa. Mtu akiuliza, "Nitapeleka je faili zangu kwenye seva ya mbali?", mwenye kusoma informatika anajibu haraka: "Fungua terminali, andika scp, kisha jina la faili, kisha anwani ya seva, piga Enter. Ni mstari moja tu." Shauri hilo si la uongo. Lakini limetoka kwa watu ambao rezo yao haikatiki. Kwetu huku rezo inakatika kama kawaida: antena imekosa mazutu, mvua imeshuka, mega zimeisha, ama watu wanakimbia. Chombo ambacho hakijui kukatika si chombo chetu, hata kama dunia nzima inakisifu.

Wengine watasema haya ni maneno ya mainjinia peke yao. Hapana. Mwaka 1956, mzee Mnyanga, Candi Rureke, alisimulia hadithi ndefu ya Mwindo. Daniel Biebuyck aliiandika, kisha pamoja na Kahombo Mateene akaitoa kuwa kitabu huko Marekani mwaka 1969. Vita ngapi zimepita Walikale tangu siku hizo? Usimulizi ule wa Rureke tunaweza kuusoma leo ju nakala yake ilitoka mapema. Sasa angalia sisi. Mwanafunzi anazunguka na telefone yake, anarekodi wazee katika Kinyanga ao Kihunde kwa ajili ya memware. Sauti ziko kwenye mashini moja na flashi moja. Siku ya kukimbia, mtu anabeba mtoto, blangeti na sufuria. Mashini inabaki, inaporwa. Nakala iliyo kwenye seva ya mbali, hiyo haikimbii. Njo maana swali la kutuma faili ni swali la nini kitabaki kwetu.

Tuanze na scp, na tuipe haki yake. Ilikuja na SSH, ile programu Tatu Ylönen wa Finland alitoa mwaka 1995, kisha mtu kunasa maneno ya siri kwenye rezo ya chuo chake. Mbele ya hapo watu walikuwa wanatumia FTP, chombo cha tangu 1971, ambacho kinapitisha neno la siri wazi kabisa, kila mwenye kusikiliza njiani analisoma. Kwa hiyo scp ilikuwa hatua kubwa: kila kitu kimefungwa, mstari moja, hakuna maneno mengi. Kwa faili ya mega mbili iko sawa kabisa. Hapo sina neno.

Ubaya wake unaonekana kwa faili kubwa. Tupige hesabu kidogo. Chukua sauti za mahojiano, mega 300 katika faili moja. Rezo yako inapandisha kilobaiti 30 kwa sekunde. Bila kukatika kazi inachukua karibu saa tatu. Sasa sema inakatika mara tatu, kila mara ikifika asilimia 80. Umetuma mega 720 za bule, kisha mara ya nne unatuma 300 zote. Jumla ni mega 1020, karibu giga nzima, kwa faili ya mega 300. Makuta ya nani hayo? Ni ya mwanafunzi anayenunua mega kwa siku.

Ni kwa sababu scp haijui kuendelea. Iko kama mwenye chukudu aliyetoka Masisi na maharagi: amefika Sake, gurudumu linavunjika, anatengeneza, kisha badala ya kuendelea Goma anarudi Masisi kupakia upya. Hakuna mchuuzi atamlipa mtu huyo mara ya pili. Na kuna kibaya kuliko hicho: nusu ya faili inabaki kwenye seva ikiwa na jina lile lile la faili kamili. Mwenye kuiona huko anaweza kufikiri imefika yote. Unakuja kugundua miezi sita baadaye, mashini ya kwanza haiko tena.

Mtu asiseme ninachukia scp bure. Wenyewe wanaoitengeneza, watu wa OpenSSH, waliandika mwaka 2019 katika tangazo la toleo la 8.0 kwamba njia ya scp imezeeka na si rahisi kuitengeneza, wakashauri sftp na rsync. Mwaka 2022, katika toleo la 9.0, walibadilisha scp ipite ndani kwa njia ya sftp. Lakini ile shida ya kuanza upya ilibaki. Basi kwa nini katika oditware zetu bado scp njo somo la kwanza na la mwisho? Naona ni kwa sababu noti zinarithiwa: asistanti alinakili kwa profesa, sisi tunanakili kwa asistanti, na hakuna aliyekaa na noti hizo fasi ambako rezo ina kijiti kimoja.

sftp ni bora kidogo. Unaingia, unaandika put na jina la faili. Ikikatika, unaingia tena na kuandika reput, inaendelea pale iliishia. Inapatikana hata kwenye Windows 10 za leo bila kuongeza kitu. Ila lazima ukae hapo, uangalie, uandike tena kwa mkono. Na reput haichunguzi kama kile kipande cha kwanza kiko sawa, inaamini tu.

Sasa rsync. Hii nataka kuisifu, na sifa yangu ina sababu. Iliandikwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, Australia. Walikuwa wanatafuta jibu kwa njia nyembamba na ya polepole, kama yetu. Wazo lake ni hili: upande wa seva unakata faili iliyo nayo katika vipande, unapigia kila kipande hesabu fupi, unarudisha hesabu hizo peke yake. Mashini yako inalinganisha, kisha inatuma tu vipande vinavyokosekana. Kama mega 240 zimekwisha kufika, mara ya pili zinapita 60 zilizobaki na hesabu kidogo. Mwishoni inahakiki faili nzima.

Tena wasomi wasikie hii: Tridgell aliiweka katika tezi yake ya udaktari, chuo kikuu cha taifa cha Australia, mwaka 1999. Wazo lililoanza na shida ya rezo mbaya linafanya kazi kila siku duniani hadi leo. Memware ngapi za kwetu zinaanza na shida ya kwetu namna hiyo? Nyingi zinaanza na kichwa kilichokopwa na kumalizikia kwenye kabati ya fakiltee.

Mstari ninaoupendekeza ni huu:

rsync -av --partial-dir=.nusu --timeout=60 sauti/ mimi@seva:sauti/

Sehemu ya --partial-dir inasema: ikikatika, usitupe kipande, kiweke pembeni katika folda ya .nusu. Bila neno hilo, rsync yenyewe inafuta kipande, na hapo haina tofauti na yule wa chukudu. Wengi wanaandika -P, nayo inatunza kipande, lakini inakiacha kwa jina la faili kamili, ule ubaya wa scp. Sehemu ya --timeout=60 inasema: ukikaa dakika moja bila kusikia kitu, jitoe, usining'inie. Kisha kuna namna ya kuiambia irudi yenyewe:

until rsync -av --partial-dir=.nusu --timeout=60 sauti/ mimi@seva:sauti/; do sleep 60; done

Maana yake: jaribu hadi ifaulu, ukishindwa pumzika dakika moja, rudia. Unaiacha usiku, wakati rezo ina watu wachache, asubuhi unaangalia. Ila kama kosa ni jina la folda na si rezo, itarudia hadi mwisho wa dunia. Angalia dakika za kwanza, na Ctrl+C inaisimamisha; ikiendelea kurudia, ipige tena.

Nisiisifu kupita kiasi. rsync ina tabia za kuudhi. Ule mkwaju mdogo baada ya sauti/ unabadilisha maana: ukiuweka inatuma vilivyo ndani, ukiutoa inatuma folda yenyewe, na nyaraka zake zinasema hivyo kwa sauti ndogo sana. Neno --delete linafuta kwenye seva kila ambacho hakiko tena kwako. Mashini ikiharibika folda ikawa tupu, unaifuta nakala uliyotaka kuokoa. Mtu wa kutunza hifadhi asiliguse, ama atangulize -n, ambayo inaonyesha kitakachotokea bila kufanya kitu. Neno -z la kubana linasaidia maandishi na majedwali. Kwa picha, sauti na zip ni kuchosha batri tu. Na lazima rsync iwe pande zote mbili. Kwenye Windows haiko. Unahitaji kuweka WSL. Kwa mwenye telefone ya Android, Termux inatosha: pkg install rsync openssh, kisha termux-setup-storage ili ione faili zako.

Kosa lingine la miongozo yetu ni kutufundisha kufunga kila kitu katika zip moja kubwa mbele ya kutuma. Acha folda kama folda. Faili arubaini za mega saba na nusu ni bora kuliko moja ya mega 300: rezo ikifa katikati, ishirini zimefika, zimesimama zenyewe, zinasikika.

Lakini neno zito kuliko yote liko kwenye funguo. Ili rsync irudi yenyewe usiku, inahitaji ufunguo wa SSH badala ya neno la siri. Miongozo karibu yote inasema: andika ssh-keygen -t ed25519, kisha piga Enter, Enter. Zile Enter za haraka zina maana: ufunguo bila neno la siri. Kwa mtu aliye ofisini London, pengine si kitu. Kwetu, telefone inakamatwa kwenye baryeri, inafunguliwa, inaangaliwa. Ufunguo ambao hauna neno la siri unampa mwenye kuikamata seva nzima: sauti za wazee, majina yao, vijiji vyao. Wazee walituamini na maneno yao. Weka neno la siri kwenye ufunguo; ssh-agent na ssh-add zinakuuliza mara moja tu, kisha kazi inaendelea usiku. Telefone ikipotea, aliye na njia nyingine ya kuingia kwenye seva afute haraka mstari wa ufunguo huo katika faili ya authorized_keys. Mwongozo ambao hausemi hili mimi ninauita mwongozo mbovu, hata kama amri zake zote zinafanya kazi.

Hukumu yangu basi: scp kwa vidogo, sftp kwa aliye na Windows tupu, rsync kwa kila kitu ambacho utalia kikipotea. Na kwa chombo chochote kingine kitakacholetwa kesho, hata kiwe na picha nzuri na jina kubwa, tuulize maswali mawili mbele ya kukipigia makofi. Rezo ikikatika kwenye asilimia 80, kinafanya nini? Telefone ikikamatwa njiani, kinatoa nini? Asistanti akishindwa kujibu, tusimtukane. Tumwombe ajaribu mbele yetu: atume faili kubwa, achomoe rezo katikati, tuone wote pamoja.

Mwenye memware yake kwenye flashi moja, aanze na folda moja leo usiku.