Inakataa

"Habari zenu wadau. Naomba msaada. Malipo ya M-Pesa kwenye tovuti yangu yanakataa. Nimejaribu kila kitu. Ni ya haraka sana tafadhali. Asanteni na Mungu awabariki."

Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika saa saba usiku, miaka mitatu iliyopita, kwenye grupu moja ya madevelopa wa Kenya, nikiwa sebuleni kwetu Mtongwe na bando linaelekea kuisha. Nilikuwa nimeacha chuo, kwa hiyo sikuwa na mhadhiri wa kumfuata ofisini wala mwenzangu wa darasa wa kumgongea mlango. Mteja wangu wa kwanza, dada mmoja wa Likoni anayeuza madera, alikuwa ameshanipa nusu ya pesa. Nusu hiyo tulikuwa tumeshaila.

Baada ya dakika kumi nikajibiwa. Hakuna salamu, hakuna pole. Linki tu.

Linki ilinipeleka kwenye How To Ask Questions The Smart Way, andiko la Mmarekani Eric S. Raymond lililotoka mwaka 2001, ambalo alikuja kulifanyia kazi pamoja na Rick Moen. Kama unajifunza kuandika programu na hujawahi kurushiwa linki hiyo, subiri, zamu yako yaja. Ni andiko refu la kumfundisha mgeni jinsi ya kuwauliza wajuzi wa kompyuta mpaka wakubali kumjibu. Kwa zaidi ya miaka 20 limetumika kama mwongozo na vilevile kama kofi. Mimi lilinipiga kwanza, kisha likanifunza. Ndiyo maana nataka tulisome kama tunavyosoma kitabu chochote: linasema nini, limepatia wapi, na ni wapi lilipomwacha msomaji kama mimi nje ya mlango.

Tuanze na haki yake. Raymond anakumbusha kwamba mjuzi anayekujibu mtandaoni halipwi. Anatoa muda wake bure, na kinachomvuta ni swali zuri, lile linalomfanya akune kichwa. Kwa hiyo kabla hujauliza, soma maelezo, tafuta mtandaoni, jaribu mwenyewe, halafu ueleze ulichojaribu. Taja programu unayotumia na toleo lake. Nakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. Eleza ulichokiona, si unachokisia kuwa ndicho chanzo. Usiseme ni ya haraka, kwa sababu haraka yako si yake. Usijidhalilishe. Na ukishasaidika, rudi useme kilichosaidia, ili anayekuja nyuma asianze upya.

Ukilipima swali langu kwa mizani hiyo, halibaki kitu. Nimejaribu kila kitu: kipi hasa? Ni ya haraka: kwa nani? Lakini neno bovu kuliko yote ni "yanakataa". Sisi wa Pwani tunalipenda sana. Simu inakataa, pikipiki inakataa, mtoto anakataa kula. Linaipa mashine roho na ukaidi, na linamtoa mwenye mashine kwenye kesi. Kompyuta haikatai. Inafanya ulichoiambia, hata kama ulichoiambia ni upuuzi. Raymond anataka muulizaji aeleze: nilifanya hivi, nilitarajia hili, nikapata lile. Katika sentensi kama hiyo mtendaji ni wewe. Huna pa kujificha.

Basi usiku uleule, nimenuna, nikaketi kuliandika swali upya kwa kufuata masharti yake. Sikufika mwisho. Nilipokuwa nanakili ujumbe wa hitilafu ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza ulichokuwa ukisema: namba ya simu haikubaliki. Nilikuwa naituma ikianza na 07. Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017 ili waunganishe kazi zao na M-Pesa, unataka ianze na 254. Ujumbe ulikuwa ukiniambia hivyo tangu magharibi. Mimi nilikuwa nikiona maandishi mekundu ya Kiingereza, nashtuka, nafunga.

Watu wa fani hii wana jina la jambo hilo. Andrew Hunt na David Thomas, katika The Pragmatic Programmer ya mwaka 1999, wanamtaja mtu anayemweleza bata wa mpira tatizo lake, mstari kwa mstari, mpaka katikati ya maelezo analiona kosa mwenyewe. Bata hajasema lolote. Kuuliza vizuri ni nusu ya kujibiwa, na hapo Raymond amepatia kabisa.

Tatizo ni ile nusu nyingine.

Kesho yake ujumbe wa malipo ulitokea kwenye simu, nikaweka namba ya siri, kila kitu shwari. Lakini tovuti ikabaki imeganda kwenye maneno "tunasubiri malipo yako". Ilisubiri asubuhi, ikasubiri jioni. Safari hii niliandika swali la mfano. Kiingereza safi, hatua moja, mbili, tatu, nilichotarajia, nilichopata, msimbo umebandikwa vizuri. Siku mbili, kimya. Siku ya tatu dada mmoja kwenye grupu, ambaye sijawahi kumwona hadi leo, akaandika kwa Kiswahili: "Ndugu yangu, majibu ya malipo umeyaelekeza wapi?"

Sikuelewa anauliza nini. Akanieleza. Mteja akishalipa, M-Pesa inapeleka taarifa kwenye anwani ya mtandaoni uliyoitaja wewe. Mimi nilikuwa nimenakili msimbo kutoka kwenye mafunzo fulani pamoja na anwani yake ya mfano. Kila nilipojaribu, taarifa ya malipo ilikuwa ikitoka salama na kuelekea kwa mtu nisiyemjua, huku tovuti yangu imekaa barazani inangoja. Tena hata kama ningeweka anwani ya laptopu yangu isingefaa, kwa sababu laptopu iliyo chumbani Mtongwe haionekani kutoka nje mpaka uiwekee njia.

Rudi sasa kwenye swali langu la mfano. Lilikuwa limefuata masharti karibu yote. Lakini ule mstari wa anwani sikuubandika. Niliuruka kwa sababu sikujua kwamba ni wa maana. Hapo ndipo andiko la Raymond linapofikia ukingo wake: linamfundisha mgeni kukisema vizuri anachokijua, ilhali shida ya mgeni ni kile ambacho hajui kwamba hakijui. Ukimwambia ataje yote yanayohusika, unamtaka awe tayari ni mjuzi wa kutambua yanayohusika.

Nenda kwa fundi wa pikipiki pale Likoni, umwambie "inalia". Hatakupa karatasi ya kukufundisha kueleza. Atakuuliza: inalia ukiwasha au ukifunga breki? Ukibeba mtu au ukiwa peke yako? Kila swali lake linakufunza kitu kuhusu chombo unachokipanda kila siku. Sehemu kubwa ya ufundi wake imo humo, katika kumuuliza mtu asiye na maneno mpaka ayapate.

Nilipolisoma andiko la Raymond mara ya pili, nilikuta kwamba hilo nalo analijua. Karibu na mwisho kabisa kuna sehemu fupi inayowageukia wajibuji. Anawaambia wawe wapole, na wamuulize muulizaji maswali ya kumchimba mpaka atoe zaidi. Ni aya chache baada ya kurasa na kurasa za kumnyoosha mgeni, pamoja na jina la dharau analowapa wanaouliza bila kujishughulisha. Nina hakika aliyenirushia linki ile hakuwahi kufika huko chini. Na lawama yangu kwa mwandishi ni hiyo hasa. Anayeomba amepewa kitabu kizima, mwenye nguvu amepewa kipande cha mwisho. Kingeanzia hapo, kingerushwa hovyo hivyo?

Kuna na suala la lugha. Ushauri wa Raymond ni kwamba kama huijui lugha ya unayemuuliza, andika Kiingereza, na kama Kiingereza si chako, sema hivyo mapema. Kwa mwaka 2001 ulikuwa ushauri wa kweli, na kwa kiasi kikubwa bado ni wa kweli. Stack Overflow, tovuti ya maswali iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ina matoleo ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili hakuna. Ukiingia kwenye lile la Kiingereza ukaanza kwa salamu na kumaliza kwa asante, wahariri huziondoa kwa kuwa hazimsaidii msomaji anayetafuta jibu. Mgeni hawezi hata kutoa maoni chini ya swali la mwingine mpaka afikishe pointi 50. Aprili 2018 wenye tovuti wenyewe walikiri hadharani kwamba watu wengi, hasa wageni, wanawake na watu wasio weupe, wanaiona kuwa mahali pasipowakaribisha.

Lakini tusijipake mafuta. Hizi salamu zetu nazo tunazitumia vibaya. Kila siku kwenye magrupu utaona: "Habari wadau, kuna anayejua Java hapa?" Kisha mtu ananyamaza. Watu kumi wanasema wapo, yeye kaenda kulala. Ni sawa na kupiga hodi, ukafunguliwa mlango, ukabaki umesimama kizingitini. Salamu ni nzuri, lakini baada ya salamu sema shida, na uiseme yote palepale. Hilo halipingani na adabu ya Pwani hata kidogo. Mgeni wetu huulizwa habari za nyumbani, lakini naye hutarajiwa kusema kilichomleta.

Sasa sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mwaka jana kijana mmoja aliingia kwenye grupu ileile. Akaandika kwamba malipo yanakataa, amejaribu kila kitu, ni ya haraka. Nilikuwa na kazi ya watu mkononi na sikuwa nimelala vizuri. Nikamrushia linki ya Raymond. Hakuna salamu, hakuna pole. Watu wawili wakaweka vicheko. Baada ya dakika chache mfumo ukaandika kwamba ametoka.

Nilikaa nikiitazama ile mistari kama ninavyolitazama swali langu la zamani. Jibu langu lilikuwa sahihi. Kila kilichomo kwenye linki kingemsaidia. Na halikuwa na kazi nyingine isipokuwa kuwaonyesha waliobaki kwamba mimi sasa ni wa ndani. Namba yake sikuwa nayo, jina lake lilikuwa herufi mbili. Huenda yuko Kisauni, huenda yuko Changamwe, huenda ameachana na mambo haya kabisa. Kutoka Mtongwe kwenda kukaa na watu ana kwa ana pale Swahilipot, Mji wa Kale, ni matatu, kisha feri, kisha safari nyingine upande wa pili, na si kila mtu ana nauli ya kila siku. Kwa wengi wetu grupu ndiyo darasa lenyewe. Mimi nilimtoa mtu darasani.

Utaniambia siku hizi hakuna shida, vijana wanaiuliza ChatGPT. Kweli. Tangu ilipotoka Novemba 2022, unaweza kuandika "inakataa" saa saba usiku na hakuna atakayekucheka. Mimi huitumia. Lakini inaweza kukupa jibu la uongo kwa sauti ileile ya jibu la kweli, na asiyejua hana cha kupimia. Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake ndani ya mwezi mmoja kwa sababu hiyo. Tena jibu zuri likipatikana linabaki kwenye simu yako peke yako. Kijana wa mtaa wa pili atakwama palepale kesho bila kujua kwamba wewe ulishapita.

Ndiyo maana, katika andiko zima la Raymond, sharti ninalolithamini zaidi ni lile tunalolidharau zaidi: rudi ueleze kilichosaidia. Mimi sikurudi. Yule dada aliponiokoa nilisema asante, nikampelekea mteja tovuti yake, nikapotea. Nimechelewa miaka mitatu, lakini mwezi uliopita niliandika kwa Kiswahili maelezo ya malipo yanayoganda: namba ianze na 254, soma ujumbe mwekundu mpaka mwisho, angalia taarifa umeielekeza wapi. Wasimamizi wameyabandika juu kwenye grupu.

Juzi usiku mtu mpya kaandika: "Wadau, inakataa." Kaambatisha picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, imepinda, nusu yake ni mwanga wa taa. Raymond asingeivumilia picha ile. Nimeivuta nikaikuza, sioni kitu.

Nimemuuliza: "Salama, ndugu yangu. Inakataa ukifanya nini?"

Anaandika.