Kitenge cha Kusafiria: Uchambuzi wa Mshono Mmoja

Nguo nyingi za kusafiria kwa ndege huharibikia mbele ya kioo. Mtu anajipima akiwa amesimama, anageuka kushoto na kulia, anaridhika. Kumbe nguo yenyewe ataivaa ameketi, saa saba au nane mfululizo, magoti yamekunjwa na tumbo limejaa hewa. Ndiyo maana mshono ninaouchambua leo umenivutia. Ni suti ya kitenge, suruali na koti jepesi, iliyoshonwa na fundi wa Kariakoo kwa ajili ya dada aliyekuwa anakwenda London mwezi wa Januari kupitia Addis Ababa. Kabla ya kushika futi, fundi alimwambia mteja wake akae kwenye stuli. Vipimo vya kiuno, nyonga na mapaja vyote vilichukuliwa hapo hapo.

Kiuno ndicho kilichohitaji akili zaidi. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani haibaki nzito kama ile ya pwani. Huachwa ipungue hadi kufanana na hewa ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, kutegemea aina ya ndege. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ni sawa na kuipita Nairobi na kukaribia kibanda cha Mandara, Kilimanjaro, bila kupiga hata hatua moja. Hewa iliyomo tumboni nayo hutanuka, na kwenye kiwango hicho cha juu ongezeko lake hufika takriban theluthi moja. Mkanda uliokaa vizuri wakati wa kupanda unaanza kukata tumbo kabla chakula hakijaletwa.

Fundi aliukata ukanda wa kiuno vipande viwili. Mbele ni bapa, umekazwa kwa kitambaa kigumu cha ndani kama suruali yoyote ya ofisini. Nyuma, kutoka mshono wa ubavu hadi ubavu, ametia lastiki pana. Koti linashuka hadi nyonga, kwa hiyo lastiki haionekani na hakuna atakayejua. Akaongeza pia urefu wa upande wa nyuma, kutoka kiunoni kushuka makalioni, ili mvaaji akiketi suruali isivutwe chini na kumwacha mgongo wazi. Hili mafundi wengi hulisahau, na ndilo linalotofautisha suruali ya kusafiria na suruali pana tu.

Kitambaa ni pamba tupu, na hapo pana gharama yake: pamba hukunjamana. Lakini kitenge chenye maua madogo madogo ya rangi ya bluu iliyokoza huficha mikunjo, wakati suruali ya kitani ya rangi moja, tena nyeupe, ingefika Addis imeshachoka. Kwa maoni yangu unadhifu wa msafiri uko kwenye mkato wa mabega na rangi ya kitambaa kuliko kwenye kubana. Fundi pia alikifua kitambaa mara mbili kabla ya kukata, kikapungua ugumu na kikamaliza kurudi kabla hakijawa nguo.

Ndani ya suti dada alivaa fulana nyembamba ya sufu ya mikono mirefu. Sufu Dar es Salaam? Alianza kuivaa baada ya ukaguzi, chooni, si nyumbani. Hewa ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, na anayekaa dirishani husikia baridi ya ukuta usiku kucha. Jasho la foleni likibaki kwenye pamba, mtu anatetemeka. Sufu hunyonya unyevu na bado ikatunza joto. Addis yenyewe iko zaidi ya mita 2,300, na usiku wa Januari huko si wa kwenda kwenye basi la uwanjani na mabega wazi. Kanga moja ilimaliza kazi iliyobaki: blanketi, mto, mtandio.

Mifuko ndiyo sehemu ninayoisifu kuliko zote. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya ndege hiyo ya abiria walitoka hai, na mabegi yakaachwa. Pasi ya kusafiria na simu, basi, mahali pake ni mwilini. Koti hili lina mfuko wa ndani wenye zipu ya plastiki, ambayo pia haipigishi kelele mashine ya ukaguzi. Vifungo ni vya kifuu. Na moto ukizungumzwa, pamba na sufu huungua, lakini nailoni na poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa dera. Ndani ya kiti halina mpinzani. Ila madera mengi ya sokoni ni poliesta, na pindo lake linaburuta kwenye ngazi na kwenye sakafu ya choo cha ndege, ambayo maji yake si ya kuulizia. Kanzu fupi kidogo ya pamba, yenye mifuko ya ubavuni, ina afadhali.

Miguuni: raba za ngozi zenye kamba za kulegezwa miguu ikivimba, na soksi ndefu za kubana zilizovaliwa asubuhi, kabla uvimbe haujaanza. Visigino virefu viingie kwenye begi. Hata kwenye mtelezo wa dharura huamriwa vivuliwe.

Kasoro ya mshono huu ni mikono ya koti. Imebana kiasi kwamba koti zito la baridi halikuingia vizuri juu yake, na London ilikuwa chini ya nyuzi 10. Koti lenyewe lilitoka mitumba ya Karume, ambako makoti ya baridi hayagombaniwi. Muuzaji aliapa kuwa ni sufu. Fundi akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akauwasha kiberiti. Ulinuka kama nywele zilizoungua na ukabaki majivu. Ungekuwa poliesta ungejikunja kuwa kitone kigumu cheusi. Wakalipa.