Hongereni, Wanamuziki wa Kinshasa

Ukifumua waya wa breki ya baiskeli, utakuta ndani nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Chukua mmoja, ukaze kwenye fidla, upitishe upinde: sauti hiyo! Hivyo ndivyo walivyofanya wanamuziki wa Orchestre Symphonique Kimbanguiste nyuzi zao zilipokatika na za kununua hazipatikani.

Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri ambaye kanisa la Kimbanguiste lina jina lake, aliianzisha orkestra hii mjini Kinshasa mwaka 1994. Alikuwa rubani aliyepoteza kazi, na muziki alijifunza mwenyewe. Mwanzoni fidla hazikutosha, basi walipokezana: huyu akipiga kidogo, anampisha mwenzake. Wengi walikuwa na shughuli zao za kutwa, na jioni walikuja mazoezini na uchovu wao. Kwa mwendo huohuo walifika hadi kwenye Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ambayo orkestra peke yake haiitoshi, inataka na kwaya pia.

Kiongozi wao nampa heshima ya pekee, kwa kuwa aliwafundisha wenzake huku yeye mwenyewe bado anajifunza. Hongereni sana, ndugu zetu. Nawe msomaji, itafute filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010, uwaone wakipiga.