Mkimbizi na Mkimbiaji: Uhakiki wa Simulizi za Watu Mashuhuri wa Kakuma na Lodwar

Utangulizi

Katika maandishi ya Kiingereza yanayosimulia maisha ya watu mashuhuri waliotokea Kakuma, kuna dai linalorudiwa tena na tena: kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, na kwamba maana yake ni "pasipo mahali popote". Dai hilo limepokezanwa na waandishi bila kuulizwa. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufunua kamusi ili alikanushe. Kiswahili hakina neno hilo kwa maana hiyo. Kakuma ni jina la mahali katika nchi ya Waturkana, nalo lilikuwapo kabla ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1992.

Kosa hili lingeweza kusamehewa kama makosa mengine mengi ya tafsiri, lau halingekuwa na kazi ndani ya simulizi zenyewe. Mtu atokaye pasipo mahali hana jirani, hana mwalimu, wala hana lugha. Akifanikiwa, kufanikiwa kwake hakuna budi kuwa muujiza. Kwa hiyo Kiswahili kimeitwa kutoa ushahidi wa uongo, na ushahidi huo umekuwa msingi wa fani nzima.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki simulizi hizo kama tawi la wasifu. Yanadai kwamba udhaifu wake mkuu ni mmoja: zinaiweka hali ya mtu mahali pa kazi yake.

Kipimo cha wasifu

Fasihi ya Kiswahili ina kipimo chake cha zamani katika jambo hili. Mwaka 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti Binti Saad, Mwimbaji wa Unguja, uliotungwa na Shaaban Robert. Anwani hiyo peke yake ni funzo. Inataja jina la mtu, kisha kazi yake, kisha mahali pake. Haitaji umaskini wake, ingawa Siti alizaliwa Fumba katika ufukara na aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Haitaji utumwa, ingawa jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa.

Jina hilo linastahili kuangaliwa. Mtumwa ni jina litokanalo na kauli ya kutendwa ya kitenzi -tuma: ni mtu anayetumwa, yaani mtu ambaye tendo si lake. Siti ni bibi, mwanamke wa heshima. Kati ya majina hayo mawili ipo safari nzima ya msanii, nayo haikutembelewa kwa muujiza. Ilitembelewa kwa kujifunza uimbaji na ala, kwa kuimba hadharani, na kwa santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Hadhira ilimwita Siti kwa sababu ilikuwa imemsikia akiimba.

Kutokana na mfano huo yaweza kutolewa kanuni: wasifu mwema ni ule unaoonyesha jinsi kazi ya mtu inavyolibadilisha jina alilopewa na hali yake. Sasa yafaa kuuliza iwapo simulizi za Kakuma zinaitimiza kanuni hiyo.

Mzizi mmoja, majina mawili

Kitenzi -kimbia kimezaa majina mawili ya mtenda: mkimbizi na mkimbiaji. La kwanza limeundwa kwa kiambishi -i, ambacho hubadili sauti iliyo mbele yake, kama ilivyo katika -jua na mjuzi, au -linda na mlinzi. La pili limeundwa kwa -aji, kama msomaji na mchezaji. Haiwezi kusemwa kwamba -i daima huonyesha hali na -aji daima huonyesha kazi, kwani mpishi na mlinzi ni watu wa kazi. Hata hivyo, pale ambapo kitenzi kimoja kimetoa majina yote mawili, lugha aghalabu huyagawia maana. Mjuzi si mjuaji. Vivyo hivyo mkimbizi ni mtu aliyefikwa na jambo akalikimbia, na mkimbiaji ni mtu anayekimbia kwa kupenda, kwa mazoezi na kwa ustadi.

Mwaka 2016 historia iliyakutanisha majina haya mawili. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi yenye watu kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wazaliwa wa Sudani Kusini waliokuwa wameishi Kakuma: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro na James Nyang Chiengjiek. Walikuwa wameteuliwa katika majaribio ya kambini, wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi chini ya wakfu wa Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa mbio za masafa marefu. Rose ndiye aliyeibeba bendera ya timu siku ya ufunguzi.

Simulizi zilizoandikwa juu yao zinafanana mno. Huanza na vita, zikaingia katika vumbi la kambi, zikasimama kwenye miguu isiyo na viatu, kisha zikaruka hadi uwanja wa Rio. Kilele ni bendera. Baada ya bendera hakuna tena cha kusimuliwa. Kinachokosekana ni mbio zenyewe. Ni nadra msomaji kuambiwa muda ambao mtu alikimbia, ilhali kwa mkimbiaji muda ndio utungo wake, kama vile santuri ilivyokuwa kwa Siti.

Muda huo unasimulia jambo ambalo bendera haikulisema. Katika mita 1,500 huko Rio, Anjelina alitumia dakika 4 na sekunde 47.38. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alitumia dakika 4 na sekunde 31.65. Rose katika mita 800 alitoka dakika 2 na sekunde 16.64 akafika dakika 2 na sekunde 11.87. Hazikuwa nyakati za kuleta medali. Walakini mtu apunguzaye zaidi ya sekunde kumi na tano katika mita 1,500 amefanya kazi ya miaka mitano ya alfajiri na jioni. Huo ndio wasifu wa mkimbiaji, na ndio ambao haukuandikwa. Ulioandikwa ni wasifu wa mkimbizi, nao ulikwisha mwaka 2016.

Nguvu ya neno hili hudhihirika zaidi kwa Dominic Lokinyomo Lobalu, mzaliwa wa Sudani Kusini ambaye naye alipitia mazoezi ya Ngong kabla ya kubaki Uswisi mwaka 2019. Mwezi Juni 2024 huko Roma alishinda mita 10,000 katika mashindano ya Ulaya, akiwa amevaa rangi za Uswisi. Mwezi Agosti mwaka huohuo huko Paris alikuwa wa nne katika mita 5,000, akiwa katika timu ya wakimbizi. Miguu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kanuni za uraia, na pamoja nazo jina ambalo watangazaji walipaswa kumwita.

Pingamizi

Yaweza kupingwa kwamba bila neno mkimbizi timu hiyo isingekuwapo, na wakimbiaji hao wasingefika Rio kamwe. Pingamizi hili ni la haki. Yiech Pur Biel mwenyewe amelichukua neno hilo na kulifanya jukwaa: aliteuliwa balozi mwema wa shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, na mwaka 2022 akachaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Neno lililomfungia kambini ndilo lililomfungulia mlango wa baraza.

Lakini pana tofauti kati ya mtu kulishika neno na neno kumshika mtu. Awer Mabil, mwanasoka aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995 na kuhamia Australia mwaka 2006, hakuikana miguu isiyo na viatu. Aliigeuza kuwa kazi: pamoja na nduguye alianzisha shirika la kupeleka viatu vya mpira na vifaa vingine kambini. Alipofunga penalti dhidi ya Peru mwezi Juni 2022, katika mchezo ulioipeleka Australia kwenye Kombe la Dunia, alikuwa tayari msimulizi wa maisha yake mwenyewe. Kadhalika Halima Aden, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1997 na kukulia Marekani, alipata sifa ya mwanamitindo avaaye hijabu. Na mwezi Novemba 2020 akaiacha kazi hiyo, akieleza kwamba ilikuwa imemvuta mbali na imani yake. Simulizi ya muujiza haikuwa na nafasi kwa tendo hilo, kwani mtu wa muujiza hapaswi kukataa alichopewa. Hata hivyo ni katika kukataa huko ndipo mhusika anapoonekana kuwa mtu kamili.

Kakuma bila Lodwar

Udhaifu wa pili unatokana na ule wa kwanza. Ikiwa Kakuma ni pasipo mahali, basi wenyeji wake nao hawapo. Katika simulizi nyingi Waturkana huonekana, kama wakionekana, sawa na jua na mchanga. Lodwar, makao makuu ya kaunti, yaliyo yapata kilomita 120 kutoka Kakuma kwa barabara, haitajwi kabisa.

Ilhali Turkana ina watu wake mashuhuri. Paul Ereng, Mturkana, alishinda dhahabu ya mita 800 huko Seoul mwaka 1988, akiwa amegeukia umbali huo mwaka uleule baada ya kuzoea mita 400. Ajuma Nasenyana, mzaliwa wa Lodwar, alianza kama mwanariadha, akaingia katika mashindano ya urembo mwaka 2003, kisha akafanya kazi katika majukwaa ya mitindo ya Ulaya na Marekani, na baadaye akasema wazi dhidi ya desturi ya kujichubua ngozi. Wanamitindo wawili wa sifa ya kimataifa wametoka katika kaunti moja, lakini ni vigumu kupata maandishi yanayowaweka Ajuma na Halima katika aya moja. Mmoja amewekwa katika hadithi ya ukame, mwingine katika hadithi ya kambi.

Mwanaisimu atakuwa ameona jambo jingine. Lokonyen, Lokoro, Lohalith, Nathike, Nadai. Majina haya ya wageni yanaanza kwa Lo- na Na-, viambishi vilevile vinavyotenganisha majina ya kiume na ya kike miongoni mwa Waturkana, na ambavyo husikika katika Lodwar na Nasenyana. Mpaka uliochorwa na simulizi kati ya mgeni na mwenyeji hauyatambui majina yenyewe, kwani majina yalivuka zamani. Mwandishi aliyedai kujua maana ya Kakuma alikuwa na ushahidi huu mbele yake katika orodha ya wakimbiaji, wala hakuusoma.

Aidha, wenyeji hao wana fani yao ya kale ya sifa. Katika jadi ya Waturkana mwanamume huwa na maksai wake mpenzi, humwimbia nyimbo, na huweza kujulikana kwa jina litokanalo na rangi au pembe za mnyama huyo. Sifa hutokana na kile ambacho mtu amekilea. Hiyo ni nadharia ya umashuhuri iliyokamilika, na iko hatua chache tu kutoka uzio wa kambi. Inakubaliana na Shaaban Robert, ingawa kamwe haikumsoma.

Hitimisho

Si kazi ya uhakiki kuwafundisha watu mashuhuri namna ya kuishi. Ni kazi yake kuuliza simulizi zinawafanyia nini wale wanaozisikia. Kijana wa Kakuma au wa Lodwar asimuliwapo muujiza, hawezi kujifunza chochote, kwa kuwa muujiza haufanyiwi mazoezi. Asimuliwapo sekunde kumi na tano na jinsi zilivyopunguzwa, amepewa ufundi.

Wasomi wa Kiswahili wana wajibu wao katika jambo hili. Wa kwanza ni mdogo: kuliondoa dai la "pasipo mahali" popote litakapoonekana, kwa kuwa linasemwa kwa jina la lugha yao. Wa pili ni mkubwa zaidi: kuandika kwa Kiswahili wasifu ambao haujaandikwa bado, wenye kutaja jina, kisha kazi, kisha mahali. Tamasha la utamaduni la Lodwar huitwa Tobong'u Lore, maneno ya Kiturkana ya kumkaribisha mtu arudipo nyumbani. Haliwezi kuitwa hivyo mahali pasipokuwapo.