Mila Zenye Kazi: Juu ya Mazingira katika Riwaya

Wahenga walisema, "Mwacha mila ni mtumwa." Methali hii imewahimiza waandishi wetu wengi kuzijaza riwaya zao ngoma, matambiko, mahari na mavazi ya kale. Nia yao ni njema, wala hatuilaumu. Hata hivyo, aghalabu msomaji huyapita mambo hayo kama mtu apitaye katika jumba la makumbusho: hutazama, husoma maelezo yaliyobandikwa, kisha husahau. Tunaonelea kwamba kosa halimo katika wingi wa mila hizo. Kosa ni kwamba mila zenyewe hazina kazi katika hadithi.

Sisi wenyewe tumepata kutumbukia katika shimo hilo. Zamani, tulipokuwa tukitumikia Serikali katika wilaya isiyo ya kwetu, tuliandika hadithi ya arusi ya huko. Tuliwahoji wazee, tukajaza daftari, tukaeleza nyimbo na mapambo kwa fahari kubwa. Tulipomsomea bibi mmoja wa kijiji kile, alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Na maji ya kupikia watu wote hao, mwanangu, yalitekwa na nani?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeiona arusi kwa macho ya mgeni aliyewekewa kiti mbele. Hatukujua nani aliamka alfajiri, nani alikopa nafaka, wala nani alinuna kwa kutoalikwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na tumtazame sasa mwandishi aliyekilalia kitanda chake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945. Ilimbidi asubiri hadi mwaka 1980 ndipo ikachapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, kwa jina la "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali". Naye alifariki mwaka uliofuata.

Mwanzoni mwa kitabu hicho, Bugonoka hajajaliwa mtoto. Jamaa za mumewe wanamsimanga, na wazazi wake wanamchukua kurudi kwao. Myombekere anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, nao wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Hapo mwandishi hana haja ya kusimamisha hadithi ili atufundishe namna pombe inavyopikwa, kwani pombe yenyewe ndiyo hadithi. Ndizi lazima ziivishwe, zikamuliwe, na maji yake yaachwe yachachuke. Kila hatua ina siku zake, na kila siku ni siku moja zaidi ya nyumba isiyo na mke. Msomaji asiyepata kuiona Ukerewe anajikuta akiingoja pombe ichachuke kana kwamba yeye ndiye mkwe mwenye deni. Amejifunza desturi bila kufundishwa, kwa sababu moyo wa mtu umefungwa ndani yake.

Haki inatudai tuseme pia upungufu. Zipo kurasa katika kitabu hicho ambamo desturi inaelezwa kwa kuwa tu mzee hakutaka ipotee, na hapo mwendo wa hadithi unalegea. Tunamwelewa: aliuona ulimwengu wa babu zake ukitoweka. Lakini kurasa tunazozikumbuka baada ya kukifunga kitabu ni zile ambazo desturi imemgharimu mtu kitu.

Yamkini mtu atasema kwamba jambo hili ni la riwaya za mahali halisi tu. Sivyo. Shaaban Robert, katika "Kusadikika", alibuni nchi iliyo angani, ambako hakuna msomaji aliyefika. Tunaisadiki kwa sababu sheria yake inambana Karama: ameshitakiwa, na asipojitetea vema atapotea. Nchi ya kubuni inayombana mtu huaminika kuliko kijiji cha kweli kisichombana yeyote.

Basi, kwa ndugu zetu chipukizi tuna ushauri mmoja. Kabla hujaiandika mila, uliza: nani anaihitaji leo? Nani anailipia, na kwa nini? Nani angependa kuikwepa, na akiikwepa atapatwa na nini? Ukikosa majibu, iache daftarini hadi uyapate.

Hili si jambo la ufundi wa riwaya peke yake. Tunaposema tunauhifadhi utamaduni wa Taifa huku tukiuonyesha kama pambo la sherehe, tunawafundisha watoto wetu kwamba babu zao walikuwa watu wa kucheza ngoma tu, wasiokuwa na madeni, wivu wala mapenzi. Wazee wetu hawakuishi hivyo. Walikuwa na watu wa kulisha, na maji ya kuteka.