Gari ya Kulalia Kutoka Japani: Kutu Iko Nyuma ya Kabati

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Mtu akiondoka Nungwi baada ya swala ya alfajiri, anakunywa chai Kizimkazi jua halijawa kali, kwa hiyo haja ya kulala njiani haipo. Lakini watu wanataka gari za kulalia, na wanaozitaka wana sababu zao. Mmoja anataka kukaa Paje msimu wa kaiti bila kulipa chumba. Mwingine anapanga kuvuka na wanawe kwenda Bagamoyo, Pangani na Lushoto. Wa tatu anataka jiko la kutembea, ahamie kila penye watu.

Gari inayowafaa wote hawa, na inayopatikana kirahisi, ni Toyota HiAce au Nissan Caravan iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ikafungwa kitanda, makabati na sinki, ikatumika miaka kumi au zaidi, kisha ikapelekwa mnadani. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia na mlango wa kuteleza uko kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Gari ya kulalia ya Ujerumani au Ufaransa mlango wake uko kulia. Ukiegesha Bububu, mtoto anashukia katikati ya daladala. Hilo peke yake linatosha kuwaondoa Wazungu wa bara kwenye orodha.

Mnunuzi wa mara ya kwanza hukagua kitanda. Anakaa juu yake, anafungua droo, anawasha taa, anapiga picha na kuituma nyumbani. Vitu hivyo ndivyo rahisi kuliko vyote kutengeneza. Seremala yeyote wa Mwanakwerekwe anakufanyia kwa siku chache. Kisichotengenezeka kwa bei ya maana ni bati lililoko nyuma ya hiyo droo, na ufundi wote wa kununua gari ya aina hii ni kulifikia bati hilo kwa macho, kwa mkono au kwa karatasi.

Adui ni chumvi, nayo inakuja mara mbili. Ya kwanza ni ya Japani yenyewe. Hokkaido, Tohoku na Niigata hupata theluji nyingi, na barabara zake humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji hayo hurushwa na magurudumu, yanaingia kwenye kila upenyo chini ya gari na kubaki humo hadi majira yageuke. Ya pili ni ya kwetu. Upepo wa bahari unaweka chumvi juu ya chuma, chumvi inavuta unyevu wa hewani, na chuma kinabaki kimelowa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Juu ya hapo kuna joto, nalo linaongeza kasi ya kutu. Gari iliyoishi Sapporo miaka minane kisha ikaletwa Jambiani haianzi maisha mapya. Inaendelea na ugonjwa ule ule mahali ambapo ugonjwa unalishwa.

HiAce ya umbo lililoanza mwaka 2004 haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, kuta na mihimili ya chini vimechomelewa pamoja kuwa kitu kimoja. Mhimili wa pembeni ukiliwa, hakuna kipande cha kufungua na kubadilisha. Kuna kukata na kuchomelea, na kila panapochomelewa ni mlango mpya wa kutu. Kwa hiyo gari ipandishwe. Kupiga magoti na kumulika kwa simu hakutoshi. Tazama mihimili chini ya milango, reli ya mlango wa kuteleza, matao ya magurudumu kwa upande wa ndani, vishikizo vya springi za nyuma, na mishono ya paa karibu na kioo cha mbele. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti butu, na pengine bisibisi inazama.

Kuna gari utakazozikuta zimepakwa lami nyeusi chini, mpya, inang'aa. Muuzaji atasema ni kinga. Inaweza kuwa kinga kweli, lakini iliyopakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na huwezi kujua nini kimefunikwa. Mimi ningetaka gari yenye kutu ya juujuu ninayoiona kuliko weusi nisioujua. Kwa pembeni, chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe polepole. Pale inapoachia, pana pati.

Kwa anayenunua gari ikiwa bado Japani, macho yake ni karatasi ya mnada. Kampuni zinazouza huku zimeizoea kazi hii na ukiomba karatasi utapewa. Asiyetaka kuitoa ana sababu yake, na usikae kuitafuta. Juu kuna alama ya jumla, kama 4 au 3.5, na herufi ya ndani ya gari kuanzia A kwenda chini. R au RA maana yake gari iliwahi kugongwa mahali pa muhimu na kutengenezwa. Wengi huishia hapo. Wanaona 4, wanalipa.

Utamu uko kwenye mchoro wa gari chini ya karatasi, uliojaa herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipopigwa bodi na rangi ikarudiwa, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa na XX kimeshabadilishwa. S ni kutu. C ni kutu iliyokwenda mbali, iliyoanza kula bati. Tarakimu inayofuata inaonyesha ukubwa, kuanzia 1. Chukua mfano wa HiAce mbili. Ya kwanza ina alama 3.5, mwili mzima umejaa A2 na U2, ilikuwa gari ya fundi bomba wa mjini. Ya pili ina 4, inang'aa, ila kwenye mhimili wa kushoto pameandikwa S2 na nyuma C1. Bei ya pili itakuwa juu. Kwa Unguja, ya kwanza ndiyo ya kununua, na mibonyeo yake ibaki kama ilivyo. Mbonyeo haukui.

Pembeni ya mchoro mkaguzi huandika maneno kwa mkono. Mtafute anayesoma Kijapani. Akikwambia pameandikwa kwamba chini kuna sabi, yaani kutu, basi umeshalipwa gharama ya kumtafuta. Tazama pia mnada ulifanyika wapi. Sapporo na Niigata kuna viwanja vikubwa vya mnada. Gari kuuzwa huko si ushahidi kamili kwamba iliishi huko, lakini ni sababu ya kuomba picha za chini kabla ya kutuma hata shilingi.

Miaka kwenye karatasi za Japani mara nyingi huandikwa kwa enzi za wafalme. Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018. H26 ni 2014. Na masafa yaliyosomwa kwenye ukaguzi wa lazima, shaken, huandikwa pia kwenye hati za usajili zinazofuatana na gari wakati wa kusafirishwa. Gari binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miwili. HiAce iliyosajiliwa kuwa ya mizigo hukaguliwa baada ya miwili, kisha kila mwaka. Ndiyo maana HiAce ya kazi, ambayo watu wanaidharau, ndiyo yenye historia ndefu zaidi ya kusoma. Linganisha tarakimu hizo na zilizoko kwenye dashibodi, na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ile ya hatini. Herufi moja ikipishana, simama.

Karatasi ya mnada ina kasoro moja kubwa kwa gari ya kulalia: mkaguzi wa mnada havui makabati. Kila kifaa kilichofungwa kilitobolewa njia. Tundu la kutolea hewa paani, dirisha la pembeni, soketi ya umeme wa nje, mdomo wa kujazia maji, vyote ni bati lililokatwa kiwandani au uani kwa mtu. Ukingo uliokatwa usipopakwa rangi unaanza kuota kutu siku hiyo hiyo, na sponji la kuzuia baridi lililobandikwa nyuma yake linashika maji kama godoro lililoachwa mvuani. Kwa nje huoni chochote mpaka rangi ianze kuvimba.

Dalali atakwambia, "Yakhe, ndani humo ukiingia hutaki kutoka." Mjibu kwa adabu, "Naam, sheikh, lakini hii kabati nataka tuifungue." Skrubu nne tu. Akikataa, umepata jibu. Akikubali, ingiza mkono hadi kwenye bati, chini hasa, mahali ukuta unapokutana na sakafu. Kisha omba mpira wa maji, umwagie paa na madirisha kwa dakika ishirini, uingie ndani na kupapasa pembe zote. Plaiwudi ikibonyea kwa dole gumba, imeoza. Pua nayo ina kazi: uvundo ni uvundo. Gari iliyofukizwa udi asubuhi ya kuuzwa irudie siku nyingine bila kutoa taarifa, ikibidi wakati wa masika, ambapo siri za paa hutoka zenyewe.

Umeme umewachomea wengi vifaa. Nyumba za Japani zinatumia volti 100, sisi 230. Maikrowevu, kiyoyozi cha paani na kichaji cha betri vilivyofungwa kwenye gari hizo kwa kawaida vimeandikwa 100 tu. Adapta ya dukani Darajani inabadilisha umbo la plagi, haipunguzi volti. Ukichomeka unasikia harufu kabla hujaona moshi. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kubeba mzigo huo, au uving'oe uuze. Vya volti 12, yaani taa, feni, pampu ya maji na friji ndogo, havina tatizo. Kipasha joto, ambacho muuzaji atakutajia kama neema, king'oe. Unguja hakina kazi na kitakupa nafasi ya viatu.

Majiko mengi ya humo hutumia vikopo vidogo vya gesi. Ukitaka kufunga mtungi wa kilo sita wa hapa, uwe kwenye sanduku lililojitenga na chumba cha kulala, lenye tundu chini linalotoka nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, pale pale mlipolaza godoro.

Injini nitaipitia haraka kwa sababu fundi wako anaijua kuliko mimi. Dizeli ya lita 3.0, 1KD, ina nguvu lakini nozeli zake ni ghali, na iwashwe ikiwa baridi, alfajiri, usiikute imeshapashwa. Petroli ya 2.0, 1TR, ni nzito mlimani na mnywaji kidogo, lakini kila gereji inaielewa. Matairi yasomwe tarehe: tarakimu nne pembeni, 3516 maana yake wiki ya 35 ya 2016. Gari ya kulalia hukaa sana kuliko inavyokwenda, kwa hiyo tairi huzeeka likiwa bado na meno mazuri, na hupasuka likiwa limebeba uzito wa makabati.

Zipo pia gari zinazopitia Dubai, ambako eneo huru la DUCAMZ limekuwa likipokea gari za usukani wa kulia na kuzipeleka Afrika. Faida yake ni kwamba unaweza kuwa na jamaa kule akaishika gari kwa mkono. Hasara ni jua: raba za madirisha zimekauka, na raba ya dirisha iliyokauka ndiyo maji ya masika ndani ya ukuta. Omba karatasi ya Japani hata kama gari iko Dubai. Ikiwa "imepotea", punguza bei au ondoka.

Kuhusu kodi, kosa la kawaida ni kuhesabu kwa risiti ya ununuzi. TRA ina thamani zake za gari zilizotumika, na juu ya thamani hiyo ndipo inapoingia forodha ya Afrika Mashariki ya 25%, ushuru unaotegemea injini na umri, kisha VAT. Zanzibar VAT ni 15%, wakati Bara kiwango kilichozoeleka ni 18%. Anayekusudia kuihamishia gari Bara moja kwa moja aulize habari ya tofauti kabla ya kununua, asingoje namba ya Z imkwamishe Dar es Salaam. Na mwambie wakala wako wa Malindi mapema kwamba gari ina kitanda, na viti vingapi, ili hati zisiseme jambo moja na gari nyingine.

Nikiulizwa mimi, fedha hizo hizo ningenunulia HiAce tupu ya mizigo, fupi, ile yenye urefu wa mita 4.695 na upana wa 1.695, ambayo ukifika Mji Mkongwe bado unapata pa kuiegesha Mizingani kabla ya kuingia vichochoroni kwa miguu. Alama 3.5, petroli, yenye U2 nyingi na isiyo na S hata moja. Ndani ni bati wazi kutoka mbele hadi nyuma, hakuna pa kuficha kitu. Ningeiosha chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, iachwe ikauke kabisa, ndani ya mihimili ipulizwe nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kiwandani, kisha seremala afunge kitanda kwa bolti, asitumie gundi, ili kila mwaka kabla ya masika kifunguliwe na bati lionekane.