Mbeba Upepo

Ukitaka kujua mwendesha baiskeli ni fundi kiasi gani, usimtazame miguu. Miguu hudanganya, kijana yeyote mwenye mapaja anaweza kukimbia kilomita tano akaonekana bingwa. Kaa nyuma yake, nusu mita au zaidi kidogo, ulitazame tairi lake la nyuma kwa saa nzima. Kama katika saa hiyo hukugusa breki hata mara moja, wala hukunyanyuka kitini kumfukuzia, basi umempata fundi.

Wetu ni mzee mmoja tunayemwita Babu. Jumapili anatutoa Tegeta, anatufikisha Bagamoyo na kuturudisha. Kwenda ni kama kilomita 45. Kurudi ni hizo hizo kwa hesabu ya barabara, ingawa miguu ina hesabu yake. Tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri. Shikamoo zinapita gizani, mtu hajui hasa anamwamkia nani, matairi yanaminywa kwa vidole, na mwanga ukianza tu tunaondoka.

Jumapili ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi wa saba, na tulikuwa kumi na wanne. Walikuwepo vijana watatu wa benki wenye fremu za kaboni. Alikuwepo seremala mwenye baiskeli ya chuma aliyoiunga mwenyewe kutokana na mitumba mitatu. Alikuwepo mwanafunzi wa kidato cha tano ambaye hana anachokijua kuhusu gia na hana anachokiogopa. Alikuwepo mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kuvuka Bunju kwa baiskeli. Nilikuwepo mimi, ambaye katika kila kundi ni wa katikati. Na nyuma kabisa alikuwepo Dada Nesi, anayefunga mkia.

Watu kama hawa utawaendeshaje pamoja? Jibu liko kwenye hewa. Ukienda peke yako kilomita 30 kwa saa mahali tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na hewa unayoipasua. Na hewa ina riba kali: panda kutoka 25 hadi 30, na kazi ya kuipasua inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Lakini aliyekaa vizuri nyuma ya mwenzake huokoa robo ya nguvu zake, pengine hata theluthi. Ndiyo maana mwalimu na kijana wa benki wanaweza kwenda mwendo mmoja. Mmoja analipa nauli, mwingine amepakiwa.

Waliokulia pwani hawahitaji kufundishwa pepo. Barabara hii inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kaskazi ya Desemba hadi Machi humpiga mtu ubavuni, upande wa bahari, kwenda na kurudi. Haina siri. Kusi ndiyo yenye ujanja. Mwezi wa saba inakusukuma mgongoni asubuhi mpaka unadhani umepona uzee. Unafika Bagamoyo umechangamka, chupa ya maji hujaifikisha nusu, unajisifu. Kisha unageuza usukani, na kusi ile ile, sasa imeamka sawasawa na kuchanganyika na upepo wa mchana kutoka baharini, inakudai kila ilichokukopesha. Nimewaona wanaume wazima wakipandisha baiskeli juu ya bajaji pale Mapinga.

Babu hupanga watu bila kuonekana anapanga. "Mwalimu, hebu njoo hapa nyuma yangu uniangalizie kama taa hii inawaka." Taa inawaka, sote tunaiona. Lakini mwalimu amekaa nafasi ya pili, mahali penye kinga nzuri, na hajaambiwa kuwa ni dhaifu.

Mgeni akiachiwa achague mwenyewe hukimbilia nyuma kwa aibu, na hapo anakuwa amejihukumu. Kundi linavutika kama mpira. Wa mbele akipunguza kidogo kwenye tuta, wa pili hupunguza zaidi, na wa mwisho hukaribia kusimama. Wa mbele akiongeza kidogo, wa mwisho lazima akimbie kama mwizi. Kwa matuta ya Mapinga, Kerege na Zinga, aliyekaa mkiani amekimbia mbio fupi nyingi ambazo wa mbele hata hakujua zipo. Hapo anatakiwa mtu mwenye nguvu za akiba, na ndiyo maana yuko Dada Nesi. Kila tukivuka tuta anapaza sauti, "Mkia umepita!", na neno linapokezwa mdomo kwa mdomo hadi mbele. Mpaka limfikie, Babu hageuzi pedali kwa haraka kuliko mtu anayekwenda dukani.

Hana kioo, hana ile kompyuta ndogo ya usukani inayoonyesha kasi. Ana masikio. Mwalimu ni msimuliaji, na kutoka Boko alikuwa akitueleza habari za mwanafunzi wake anayechelewa kila siku na kila siku anamsingizia jogoo. Mahali fulani baada ya Bunju sentensi zake zikaanza kufupika. Zikawa maneno matatu matatu, zikawa "eeh", "ndiyo". Kabla hajanyamaza kabisa nikasikia mbele mlio mmoja wa gia, tak, na mwendo ukashuka kwa kiasi ambacho nisingekitambua kama nisingekuwa namchunguza mzee makusudi. Dakika mbili baadaye jogoo akarudi kwenye hadithi.

Nilikuwa wa tatu siku hiyo, kwa hiyo niliona mengi. Babu akitaka kupunguza hashiki breki. Huinua tu kifua, upepo ukamshika yeye mwenyewe. Akitaka kunyanyuka kitini kunyoosha mgongo, kwanza hukanyaga nusu mzunguko kwa nguvu zaidi, maana baiskeli ya anayesimama ghafla hurudi nyuma kidogo, na huo udogo ndio unaogonga tairi la mwenzake. Penye mteremko, pale ambapo wengine huacha pedali ziserereke, yeye huendelea kukanyaga, kwa sababu aliye nyuma amekingwa na upepo na atamparamia. Shimo halimshtukizi. Mkono wa kushoto unashuka ubavuni, kidole kinaelekeza chini, na tayari ameanza kuhama, polepole, kama mashua inayobadili tanga. Anayelikwepa shimo kwa ghafla amejiokoa yeye na kumtupia shimo anayemfuata.

Nilimuuliza zamani alijifunza wapi. Akasema kwenye mkaa. Ujanani alileta mkaa mjini kutoka pande hizi hizi, magunia mawili, mara nyingine matatu, juu ya keria ya baiskeli ya Phoenix. Mzigo wa namna ile hauna haraka. Ukiukurupusha unakuangusha, na ukiusimamisha, kuuanzisha tena ni msiba. Unajifunza kuitazama barabara mita mia mbele, kuanza kupunguza kabla hujahitaji, kulipa mlima kidogo kidogo. Vijana wa benki wana mita zinazopima nguvu za mguu kwa wati, na mojawapo, kwa bei aliyonitajia mwenyewe, ingenunua pikipiki ya mitumba. Sina ugomvi nazo. Lakini bado sijaona mita inayopima kama aliye nyuma ana raha.

Baada ya Kerege, Babu alinipa zamu ya mbele. Hapa ndipo ninapolazimika kujisema. Kusi ilikuwa mgongoni, lami nzuri, nikahisi miguu yangu ni ya mtu mwingine. Nikaongeza. Wala sikukusudia kuringa, nilikuwa na furaha tu, na furaha katika kundi ni jambo la hatari. Nilipotazama nyuma, Babu na mwalimu walikuwa kama mita mia mbili nyuma yangu, na nyuma yao kundi limekatika vipande vitatu kama kamba iliyooza. Nikasimama pembeni. Babu alipofika hakunigombeza. Alisema, "Ulituacha na upepo wetu, baba," akapita, na mwalimu akapita nyuma yake akinitazama kwa huruma.

Pale Bagamoyo tulikunywa chai kwa vitumbua na mihogo ya kukaanga, mwanafunzi akala vitumbua tisa tukavihesabu. Nikiwa bado na aibu nilikumbuka kwamba mji ule unajua kanuni hii ya mbele na mkia tangu enzi za misafara ya pembe na wapagazi. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, mwendo ukiwa ni wake. Nyuma walikuwepo wanyapara, wakiwachunga waliochoka na waliotaka kutoroka. Burton, Mwingereza aliyeanzia safari ya bara pale Kaole, jirani na mji huo, mwaka 1857, aliandika kuwa aliyethubutu kumtangulia kirangozi alichomolewa mshale podoni, ili mwisho wa siku atambulike na kuadhibiwa. Niliwasimulia wenzangu. Dada Nesi akauchukua ufunguo wangu wa kufungulia magurudumu, akautia mfukoni mwake, akasema nitaupata Tegeta.

Kurudi ndiko kulikoonyesha kazi. Babu aliwaita wale watatu wa benki na mimi, akatupa sheria. Mbele tutakuwa sisi watano tu, kwa zamu, na zamu si ya dakika bali ya nguzo za umeme: hesabu nguzo ishirini, toka upande, jiachie mpaka nyuma ya wa tano, rudi kwenye mstari. Mwalimu awe wa sita daima. "Wewe usije mbele hata ukijisikia nguvu," alimwambia. "Wakija kwako wapishe, kisha kaa." Nyuma yake seremala, mwanafunzi, wengine, na mkia.

Hesabu yake ni nzuri sana, na ilinichukua kilomita kadhaa kuiona yote. Mwendo ulikuwa 24, wakati mwingine 22. Kwa vijana wale mwendo huo ni wa kwenda sokoni. Lakini ukiwa mbele kusi ikikupiga usoni, 24 inaumiza kama 35 ya siku tulivu, na nguzo ishirini ni nyingi. Kwa hiyo kijana wa kaboni alipata alichokifuata, yaani kuhema na kutoka jasho la kweli, na mwalimu alipata alichokifuata, yaani kufika. Hakuna aliyemsubiri mwenzake. Wengi wanaoendesha makundi mchanganyiko hudhani dawa ni wenye nguvu kujizuia, na matokeo yake wenye nguvu hununa na wasio nazo hujiona mzigo. Babu hamzuii mtu, anampa kazi.

Penye vipande ambavyo barabara inajipinda kuelekea kusini, upepo ulianza kutoka mbele kushoto, upande wa bahari. Hapo kinga huhama: haipo tena nyuma ya tairi la mbele, ipo nyuma kidogo upande wa kulia. Na kulia ndiko yanakopita mabasi na malori ya mchanga. Zamu ilikuwa ya Babu. Nikamwona anasogea kushoto, kushoto zaidi, mpaka tairi lake liko juu ya ukingo wa lami, pale palipomegeka na kujaa kokoto, sentimita chache kutoka kwenye vumbi. Nilidhani ameteleza. Kisha nikaelewa kuwa amehama ili sisi tupate upana wa kukaa kulia kwake, ndani ya kinga, bila kuvuka kwenda njiani kwa magari. Baiskeli yake ilikuwa ikitetema kama mashine ya kusaga, na mabega yake yametulia. Alikaa pale kwa nguzo zake zote ishirini, nami nikamhesabia ishirini na nane.

Kijana wa benki aliyechukua zamu iliyofuata alibaki katikati ya njia, akiwa na nguvu nyingi na bila kumkinga mtu. Babu, akirudi nyuma, alimgusa kiuno kwa vidole viwili tu, akamsogeza. Kijana akasogea. Zamu yake ya pili alisogea mwenyewe.

Septemba 2025 nilikuwa mmoja wa waliokaa kutwa kwenye simu kufuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Pogačar, bingwa wa wanaume, alishinda akiwa peke yake, na picha zote zilikuwa zake. Mimi macho yangu yalikuwa kwa wale waliovuta mwanzoni kisha wakapotea kwenye skrini. Najua nani amenifundisha kuwatazama.

Tulifika Tegeta saa sita na nusu. Dada Nesi akanirudishia ufunguo wangu mbele ya watu. Mwalimu alishuka, miguu ikimtetemeka, uso ukimng'aa, akamshukuru Babu kwa mikono miwili. "Bahati yetu," akasema, "upepo ulilala tulipokuwa tunarudi."

Mzee alikuwa ameinama, mguu wake wa kushoto umepakwa vumbi jeupe mpaka gotini, anachokonoa kwa msumari kijiwe kilichojikita kwenye tairi la mbele.

"Ulilala kidogo, Mwalimu," akasema.